Anayepima Gari Asiwe Ndiye Anayenunua Spea

Wizi mwingi wa gereji hauhitaji spana. Unafanyika kabla gari halijapandishwa jeki, pale mwenye gari anapotoa ufunguo na kusema: "Iangalie, fundi, nunua kinachotakiwa, tutaelewana." Kwa maneno hayo machache umempa mtu mmoja kazi nne ambazo hazifai kukaa kwenye mkono mmoja: kusema ubovu uko wapi, kuchagua spea, kushika fedha ya kuinunua, na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Hata mtu mwaminifu akipewa nafasi kama hiyo, siku mwenye nyumba anapomgongea mlango akidai kodi, atajaribiwa. Asiye mwaminifu hasubiri siku hiyo.

Ninawaandikia watu wa magari ya kawaida: IST ya kwendea kazini, Noah ya familia, Probox ya kubebea mzigo, Vitz iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba. Kwao gari ni kipato, ni ada za watoto, ni njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku. Likikaa juu ya mawe wiki tatu kwa sababu ya uongo wa mtu, nyumba nzima inayumba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaolichukulia jambo hili kama ujanja wa mjini tu, eti ukipigwa umepigwa, jifunze ukubwa.

Wala sikubaliani na ushauri unaotolewa kila mara, kwamba ili usiibiwe na fundi lazima uijue injini. Mwalimu wa sekondari au mama mwenye duka la nguo hana sababu ya kujua ndani ya giaboksi kuna nini. Anachohitaji ni kuzitenganisha zile kazi nne, na kujua maswali machache ambayo majibu yake hayawezi kufichwa. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Nianze na fedha, kwa sababu huko ndiko mambo mengi yanakoharibikia.

Kila anayefahamu mitaa ya spea ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, anajua maana ya "cha juu". Tuseme koili ya plagi inauzwa shilingi 60,000. Fundi anafika dukani na fedha yako, muuzaji anamuuliza aandike ngapi, kisha risiti ya mkono inaandikwa 95,000. Tofauti inabaki kwa fundi, au wanagawana. Wewe unaletewa risiti yenye mhuri na koili iliyo ndani ya boksi, na kila kitu kinaonekana sawa. Mafundi wengi hawaoni kwamba huo ni wizi. Kwao ni sehemu ya ujira.

Na hapa sisi wateja tuna la kujibu. Ufundi tunaubana mno. Mtu amelala chini ya gari tangu asubuhi, vidole vimechubuka, oili imemwingia machoni, na jioni tunabishana naye juu ya elfu ishirini mpaka akubali kumi na mbili. Mtu huyohuyo tulimpa laki tatu asubuhi akanunue spea, na hatukumuuliza swali hata moja. Tunamnyima pale anapostahili kulipwa, halafu tunamwachia mlango wazi pale asipostahili kitu. Fundi atakula kutoka upande ulio wazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha ni mazungumzo ya bei. Mwambie kabla kazi haijaanza: "Fundi, spea zote nitalipia mimi mwenyewe dukani. Nitajie bei yako ya ufundi, ya haki, na nitailipa yote kazi ikiisha." Kisha ulipe kweli. Ukimpunja baada ya maneno hayo, mara nyingine hatakuamini, na atakuwa na sababu. Fundi mzuri akisikia hivyo hupumua, maana umemwondolea kazi ya kukudanganya. Atakayekasirika sana, akasema hafanyi kazi na wateja wasiomwamini, amekueleza ujira wake ulikuwa unatoka wapi.

Yuko mwingine atakayekataa kwa hoja ya kweli. Atasema: "Bosi, ukinunua mwenyewe utaletewa isiyoingia, halafu mimi ndiye nitakayefungua na kufunga mara mbili." Hilo hutokea sana, na anastahili kusikilizwa. Dawa yake ni kwenda pamoja. Yeye anaikagua spea, anaishika, anasema hii ndiyo. Wewe unamlipa muuzaji kwa simu yako na kudai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Mashine hizo zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, na risiti yake inaonyesha tarehe, saa na kiasi kilicholipwa, na inaweza kuhakikiwa kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Muuzaji anayetoa risiti ya EFD hawezi kuandika 95,000 kwa kitu cha 60,000 bila kujiongezea kodi yeye mwenyewe. Atafikiri mara mbili.

Kama huwezi kwenda, omba namba ya spea. Spea halisi za Toyota kwa kawaida zina namba ya tarakimu na herufi kumi, yenye kistari katikati, na namba hiyo hupatikana kwa kutumia namba ya chesisi ya gari lako. Ukiwa nayo, unaweza kupiga simu maduka matatu ukiwa umekaa ofisini, na kila duka litakutajia bei ya kitu kilekile. Bila namba hiyo, "koili ya IST" inaweza kuwa kitu chochote: mpya ya kampuni iliyotengeneza gari, mpya ya kiwanda kingine kizuri, ya bei rahisi isiyomaliza mwaka, au ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani au iliyopitia Dubai na Sharjah. Zote zina nafasi yake. Mtumba wa Japani mara nyingi hudumu kuliko mpya ya hovyo. Kosa ni kulipia moja ukafungiwa nyingine, na ndiyo maana neno "original" likitamkwa bila namba, bila boksi na bila risiti halina uzito wowote.

Sasa kupima. Hapa ndipo uongo mkubwa hukaa, kwa sababu mwenye gari hana la kujibu fundi akisema kitu fulani kimekufa.

Kanuni yangu ni moja: mweleze fundi dalili, usimtajie spea. Usimwambie, "Nadhani shokapu zimeisha." Ukishasema hivyo, shokapu zitakuwa zimeisha hata kama kinachogonga ni bushi ya bei ndogo. Mwambie: "Nikipita kwenye tuta kwa taratibu inagonga mbele kushoto, kwenye lami nzuri haigongi." Mtajie lini ilianza, inatokea injini ikiwa baridi au moto, ukiwa na abiria au peke yako. Kisha nyamaza, umwache afanye kazi yake, na umwombe akuonyeshe.

Kuonyesha maana yake nini? Kwa magurudumu ya mbele ni rahisi. Gari likiwa kwenye jeki na gurudumu linaning'inia, fundi hulishika kulia na kushoto na kulitikisa. Likicheza upande kwa upande, mara nyingi ni tairodi au ncha zake. Akilishika juu na chini likacheza, mara nyingi ni boljointi au beringi. Lishike gurudumu mwenyewe usikie. Shokapu iliyokufa mara nyingi huvujisha mafuta, na yanaonekana mwilini mwake. Na ukiikandamiza kona ya gari na kuiachia, inadunda zaidi ya mara moja. Pedi za breki hupimwa kwa macho: zikibaki milimita 3 zimefika wakati wake, zikiwa na milimita 8 anayetaka kuzibadilisha ana haja nyingine. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji elimu ya ufundi. Yanahitaji uwepo, na uinamie chini ya gari lako dakika tano.

Taa ya injini kwenye dashibodi imekuwa mgodi wa dhahabu kwa wasio waaminifu. Fundi anachomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anasoma, anatikisa kichwa, anasema sensa imekufa. Kitu ambacho hakuelezi ni kwamba mashine haitaji spea iliyokufa. Inatoa namba ya dalili. Namba P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka inayohitaji kusafishwa tu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo atakayokuuzia, mara nyingi ni mjumbe tu aliyeleta habari.

Namba P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri, yaani gari lina misi. Hapa kuna kipimo cha haki kabisa, na hakina gharama. Mwambie fundi ahamishe koili ya silinda ya kwanza aipeleke ya pili, na ya pili aipeleke ya kwanza, afute namba, kisha mzunguke na gari kidogo. Ikirudi P0302, ubovu umehama na koili, basi koili ni mbovu na ununue moja tu. Ikirudi P0301, koili haina kosa. Ahamie kwenye plagi, kisha nozeli, kwa namna hiyohiyo. Fundi anayesema badilisha koili zote nne bila kufanya jaribio hilo la dakika chache anakuibia, au hajui kazi. Kwa mfuko wako, yote mawili yana gharama ileile.

Kwa hiyo dai kuiona namba yenyewe. Ipige picha kabla haijafutwa. Kwa fedha ndogo unaweza kununua kifaa cha kusomea kinachounganishwa na simu, kinachofanya kazi kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, ingawa si yote ya Japani yanakikubali.

Kuna ujanja mmoja wa kikatili kwenye taa hii: kuiua. Fundi aliyeshindwa kutibu ubovu anatoa balbu, au anakata waya, anakurudishia gari dashibodi ikiwa safi. Utamgundua hivi: geuza ufunguo mpaka dashibodi iwake, lakini usiwashe injini. Taa zote za tahadhari lazima zitokee, pamoja na ya injini na ya mifuko ya hewa, kisha zizime baada ya muda au injini ikiwaka. Taa ambayo haikutokea kabisa, huenda imeguswa na mtu. Fanya hivyo kila unapochukua gari gereji, na hasa unaponunua gari kwa mtu.

Uongo mwingine wa kawaida ni wa mkanda wa taimingi. Mwenye IST anaambiwa mkanda umefika kilomita zake na ukikatika injini itavunjika. Anatishika, analipa. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST ya 1.5 haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Vivyo hivyo 2NZ ya 1.3, 1ZZ ya Premio ya 1.8 na 1AZ ya Noah za toleo la 2001 na kuendelea. Mikanda iko kwenye injini za zamani kidogo kama 5A na 7A za Carina, 3S za Noah za kwanza, na dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser, na hizo kweli hutakiwa kubadilishiwa mkanda karibu kila kilomita 100,000. Jina la injini limeandikwa kwenye injini yenyewe, na kwenye kibati chini ya boneti. Lijue, liandike kwenye simu. Hilo moja tu litakukinga na mengi, kwa sababu fundi akisikia unasema "yangu ni 1NZ" hubadilisha mazungumzo.

Oveholi, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, ndiyo kesi kubwa, na ndiyo inayofilisi watu. Gari limechemsha njiani, umelisimamisha, limevutwa. Fundi anafungua boneti na kusema gasketi ya hedi imeungua, injini ishushwe. Huenda ni kweli. Lakini gari huchemsha pia kwa rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta kilicholegea, mpira uliopasuka, feni ya umeme isiyowaka, pampu ya maji, au themostati iliyokwama. Haya yote hukaguliwa bila kufungua hedi. Gasketi iliyoungua ina dalili zake: maji yanapungua bila kuonekana yanapovuja, moshi mweupe mzito unaendelea hata injini ikishapata moto, mapovu yanatoka kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, na chini ya kifuniko cha oili kuna uji mweupe kwa sababu maji na oili vimekutana. Na kuna kipimo cha kompresheni, geji inayofungwa mahali pa plagi na kusoma nguvu ya kila silinda. Dai kipimo hicho kabla hedi haijaguswa, namba za silinda zote nne ziandikwe mbele yako. Silinda zikikaribiana, zote ziko juu, na dalili zile hazipo, hakuna sababu ya kushusha injini siku hiyo. Akisema hana geji, mpe gari fundi mwenye geji.

Nasisitiza mpangilio: aanze na cha bei ndogo, aende kwenye cha bei kubwa. Fundi anayeanza na injini kabla ya kuangalia kifuniko cha rejeta hafai kuaminiwa na kazi kubwa. Na akishauri kuitoa themostati kabisa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki, kataa. Bila hiyo injini huchelewa kufika joto lake la kazi, au haifiki, inakunywa mafuta mengi, na tatizo halisi la kuchemsha linabaki limefichwa.

Gari likilazimika kulala gereji, kazi yako ni ya dakika kumi. Piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na kiwango cha mafuta. Piga picha ya betri na jina lake, tairi la akiba, jeki, redio, matairi yote manne na rimu zake. Inama upige na sehemu ya chini, hasa bomba la moshi mahali kilipo chungu cha masega. Watu wengi hawajui masega ni kitu gani mpaka yameshauzwa. Ndani ya chungu kile kuna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei kubwa, na wanunuzi wake wapo mjini wakizunguka gereji kwa gereji. Gari likiondolewa masega linaanza kunguruma tofauti, harufu ya moshi inabadilika, na taa ya injini huweza kuwaka na P0420. Fundi anaweza kukushauri yatolewe kwa madai kwamba yanabana pumzi ya gari. Mara chache ni kweli yameziba. Hata hivyo ni mali yako: yakitolewa, yarudishwe mkononi mwako.

Hilo ndilo sharti la spea zote. Kila kilichobadilishwa urudishiwe cha zamani. Lisemwe mwanzoni, si mwishoni. Ukilisema mwishoni utaambiwa kilitupwa. Oili nayo ina hesabu yake: injini ya 1NZ ikibadilishwa oili pamoja na filta inachukua lita 3.7, kwa hiyo kwenye dumu la lita nne kinabaki kidogo tu, na anayekuambia ameweka dumu moja na nusu anatengeneza hesabu. Angalia kijiti cha oili kabla hujaondoka. Kwa giaboksi kosa lina gharama kubwa zaidi: Vitz nyingi za kuanzia 2005 zina giaboksi ya CVT, na oili yake si ile ya otomatiki ya kawaida. Ukichanganyiwa, giaboksi inaharibika polepole, na fundi aliyeichanganya atakuwa ameshasahau jina lako.

Makubaliano yote yawe kwenye WhatsApp, hata kama mmekubaliana kwa mdomo. Baada ya kuachana naye, andika: "Fundi, kama tulivyoelewana, gari namba T fulani limeingia leo kwa ajili ya misi na kugonga mbele kushoto. Ufundi ni kiasi hiki. Hakuna kitakachonunuliwa wala kufunguliwa zaidi bila mimi kukubali. Spea za zamani nitazichukua." Subiri ajibu "sawa bosi." Lipa kwa simu, usilipe taslimu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu rekodi za namna hiyo kupokelewa kama ushahidi, na zaidi ya mahakama, fundi anayejua maneno yameandikwa huyasoma tena kabla ya kukupigia simu ya uongo.

Akina dada wananiambia, na nimeona kwa macho, kwamba bei yao huanza juu na maelezo yao huwa mafupi. Wengine hushauriwa wamtume kaka au jirani mwanamume. Sipendi ushauri huo. Unawathibitishia mafundi hao kwamba wamefanya sawa, na kaka naye huenda halijui gari vilevile. Dada anayekuja na picha ya namba ya mashine, jina la injini na ujumbe ulioandikwa hatahitaji mwanamume wa kumsimamia.

Wenye magari ya hesabu, yaani waliompa dereva gari ili alete kiasi fulani kila siku, wana tatizo lao la pekee: dereva na fundi wakishirikiana, mwenye gari hana macho. Kila Jumamosi gari liko gereji, kila Jumamosi ni bushi. Hapa weka daftari moja la gari, si la dereva wala la fundi. Kila spea iandikwe tarehe, kilomita na duka. Ukiona pedi za breki zimebadilishwa mara mbili ndani ya miezi miwili, huna haja ya kumtuhumu mtu. Omba tu pedi za zamani. Na mara moja moja lipeleke gari kwa fundi ambaye dereva hamfahamu, ukae hapo mpaka alipandishe jeki.

Je, ukishapigwa? Kwanza usirudi na ghadhabu. Nenda kwa fundi mwingine, mlipe akague tu, na umwombe aandike alichokiona. Mweleze mapema kwamba yeye hatapewa kazi ya kurekebisha; ndipo neno lake litakuwa na thamani. Rudi kwa wa kwanza ukiwa na karatasi hiyo, ujumbe wa WhatsApp na spea mkononi, na umwambie unachotaka hasa: arudishe kiasi fulani, au afunge upya kwa gharama zake ifikapo siku fulani. Gereji nyingi za mtaani zina mwenye eneo au kiongozi wa mafundi ambaye hataki sifa mbaya. Zungumza mbele yake. Kesi nyingi huishia hapo.

Jihadhari na jambo moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa fundi haki ya kulishikilia gari mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya kama mlivyokubaliana. Ukija na mabavu kulichukua, wewe ndiye utakayekuwa na kosa. Lakini haki hiyo ni kwa kazi mliyokubaliana, si kwa kazi aliyoizua. Na sheria hiyohiyo inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu wa kawaida. Akiitumia kinyume cha makubaliano, kwa mfano akalitoa gari usiku kufanyia misele yake, hasara inayotokea ni yake. Ile picha ya kilomita uliyoipiga siku ya kwanza ndiyo itakayosema.

Polisi uende kwa mambo ya jinai: masega yaliyouzwa, injini iliyobadilishwa, fedha ya spea iliyochukuliwa na spea haijanunuliwa. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Ubishi wa ubora wa kazi au wa bei ni madai, na mahali pake ni mahakama, kwa kiasi kidogo mahakama ya mwanzo. Ukiuziwa spea bandia iliyo kwenye boksi lenye jina la kampuni kubwa, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Hifadhi boksi na risiti, maana bila hivyo hawana pa kuanzia.

Na umtafute fundi wako wakati gari ni zima. Watu wengi humtafuta wakiwa wamekwama barabarani, mvua inanyesha, wanampa ufunguo yeyote aliyefika kwanza. Ulizia wenye gari kama lako, wenye injini kama yako, walioenda kwa mtu huyo zaidi ya mara moja. Uliza kama amesoma chuo cha ufundi cha VETA au alijifunza kwa mtu, si kwa sababu cheti humfanya mtu mwaminifu, bali anayejibu wazi mahali alipojifunzia mara nyingi hujibu wazi na mengine. Kisha mpe kazi ndogo kwanza: kubadilisha oili na filta. Mara hii tu, kama mtihani, mwachie gari mwendo wa saa moja na fedha inayozidi bei kidogo. Ukirudi angalia kama filta ya zamani iko pembeni inakusubiri, oili iliyobaki iko kwenye dumu, na chenji ametoa kabla hujamuuliza. Kama vyote vitatu vipo, mwezi ujao mpelekee breki.